Je, Wajua? Tembe haisafirishwi

Je, wajua kwamba Tanzania Bara mlango waweza kulindwa zaidi na sheria kuliko nyumba yake? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyakinga moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, lakini milango na miimo iliyochongwa huingia hata ikiwa ni ya 1939. Dodoma mjini iko nje ya mpaka huo wa 1863, maana mji ulianza kukua reli ya Wajerumani ilipofika, mwanzoni mwa karne ya 20. Jengo la hapo husubiri tangazo la Waziri ili lilindwe.

Na nyumba ya tembe ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma? Paa lake ni udongo ulioshindiliwa juu ya boriti na fito. Ukiing'oa, unabaki na nguzo na kifusi. Kwa hiyo tembe iliyoko Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa 1966, ilijengwa palepale kwa ufundi wa Kigogo. Mvua ya Dar, lakini! Ni karibu mara mbili ya ile ya Dodoma, na paa bapa la udongo halina mteremko wa kuikimbiza.