Aliyeibiwa Kadi ya Chakula Ameibiwa Mwezi Mzima

Kilima cha Old Kampala kimezoea askari. Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alikipanda akiwa na askari Wasudani na Wasomali, pamoja na wapagazi Waswahili kutoka pwani, akajenga ngome yake hapo. Leo juu ya kilima hicho umesimama msikiti mkuu wa Waislamu wa Uganda, na karibu nao kipo Kituo cha Polisi cha Old Kampala. Kwa miaka mingi dawati la wakimbizi la kituo hicho lilikuwa mlango wa kwanza kwa mtu aliyeingia Kampala akikimbia vita. Mkongo, Msomali, Mrundi, wote walianza safari ya kuomba hifadhi mbele ya askari mwenye kalamu.

Katika mashauri yanayofikishwa kwenye meza ya zamu ya kituo kama hicho, lipo moja ambalo huonekana dogo. Mama ameshuka basi Kisenyi, mkoba wake umekatwa kwa wembe katika msongamano. Ndani mlikuwa na simu, shilingi chache, na karatasi za jamaa yake pamoja na kadi ya chakula. Askari anaiandika simu, anaziandika fedha, kisha anafunga kitabu. Kadi ameiacha, kwa kuwa katika fikira zake ni karatasi tu. Makala haya yanakusudia kumweleza askari mwenzangu, wa jeshi na wa polisi, kwa nini kadi hiyo ilistahili kuandikwa kwanza.

Sisi askari tungepaswa kuwa wepesi wa kulielewa jambo hili kuliko raia. Neno posho, ambalo hapa Kampala limekuwa jina la unga wa mahindi na ugali wake, asili yake katika Kiswahili ni mgao wa chakula apewao mtu aliye kazini. Katika misafara ya pwani posho ilikuwa kibaba cha nafaka, au nguo na shanga za kununulia chakula njiani. Mtu aliyekosa posho hakuweza kubeba mzigo wala bunduki.

Mimi nililijua hilo nikiwa kadeti. Kadi yangu ya mesi ilitoweka siku ya Jumatatu, baada ya mazoezi ya shabaha. Nilipomwendea mkubwa wa mesi alinijibu kwamba kadi ni dhamana ya mwenyewe, na asiye na kadi hana jina. Kwa siku tatu nilikula kwa hisani ya wenzangu wawili, kila mmoja akinipunguzia vijiko vichache, na haya niliyoiona ilikuwa kubwa kuliko njaa. Siku ya nne alirudi kutoka likizo mpishi mmoja mzee, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa shida. Alishtuka kuona jina langu likiitikiwa na mtu mwingine, kwa sababu yeye hakuzoea kusoma kadi, alizoea kusoma nyuso. Mwizi alikamatwa akiwa na sinia mkononi. Milo yangu tisa haikurudi.

Nami nilikuwa kijana mwenye afya, nimezungukwa na marafiki. Mama wa watoto watano aliyetoka Nakivale kuja Kampala kwa matibabu hana mesi ya jirani.

Yafaa askari aelewe jinsi msaada huu unavyotolewa, maana bila kuelewa atampa mwananchi jibu la makosa. Mkimbizi aliyeamua kukaa mjini, kwa kawaida, hapewi chakula kila mwezi. Mgao hutolewa katika makazi: Nakivale, Rwamwanja, Kyangwali, Kyaka II, Bidibidi na mengineyo. Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ndio wanaoandikisha watu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ndilo linalotoa chakula chenyewe, ama kwa nafaka, maharagwe na mafuta, ama kwa fedha zinazopita benki au simu. Ndiyo sababu jibu jepesi kwa askari aliyechoka ni kusema, “Kadi yako ni ya Nakivale, nenda ukaripoti Nakivale.” Jibu hilo si sahihi. Wizi umetendeka Kisenyi, chini ya kilima chetu, na mwizi yuko hapa hapa. Nakivale wanaweza kumpa kadi nyingine, lakini hawawezi kumkamata mtu aliye Kampala.

Tena mgao wenyewe umepungua mno, hata hauna nafasi ya kupotea. Mwezi wa Aprili 2020 ulikatwa ukawa asilimia 70 ya kiwango kamili. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Mwaka 2023 wakimbizi waligawanywa katika makundi kwa kadiri ya shida zao, wengine wakabaki na asilimia 60, wengine 30, na wachache wakaondolewa kabisa. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, watu karibu milioni moja waliondolewa katika orodha ya chakula nchini Uganda. Kwa hiyo aliyebaki na kadi inayofanya kazi ni yule aliyepimwa akaonekana hana njia nyingine. Huyo ndiye anayeibiwa.

Kuhusu wizi mkubwa hatuna budi kusema pia, ingawa haukutendwa kwa wembe. Mwanzoni mwa mwaka 2018 yalitokea madai mazito kwamba hesabu za wakimbizi zimejazwa majina ya watu wasiokuwapo, na maofisa kadhaa wakasimamishwa kazi. Kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo watu walihesabiwa upya makazi kwa makazi, kwa alama za vidole na kwa picha ya mboni ya jicho. Orodha ya zamani ilikuwa na watu milioni 1.4 hivi, waliothibitishwa wakawa karibu milioni 1.1. Hapana shaka wengine walikuwa wamekwisha kurudi makwao au kuhama, wala si kila jina lililokosekana ni la mwizi. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Kenya ilikuwa imetangulia: alama za vidole zilianza kutumiwa kwenye ugawaji wa chakula Kakuma na Dadaab mwaka 2013, na idadi ya waliojitokeza kuchukua mgao ilipungua mara moja.

Mashine hiyo ya vidole kwangu mimi ni yule mpishi wetu mzee. Haisomi karatasi, inamsoma mtu. Siku hizi mwizi akienda kwenye ghala la ugawaji na kadi ya mwingine hupata taabu, kwa sababu kidole chake kitamkana. Wako wanaodhani kwamba kwa hiyo kadi iliyoibwa haina thamani tena. Nao wamekosea, kwani mwizi naye amehama. Ameliacha gunia, anafuata fedha.

Mahali ambapo msaada hutumwa kwa simu, kinachomlinda mwenye haki ni laini na namba ya siri. Mtu asiyejua kusoma humpa wakala simu yake na kumtajia namba hiyo kwa sauti, mbele ya watu kumi. Wakala mwaminifu hutoa fedha na kumkabidhi zote. Asiye mwaminifu humwambia kwamba fedha hazijaingia, njoo kesho, na kabla ya kesho amezitoa. Yuko pia mwizi anayepiga simu akijifanya mtumishi wa shirika, akisema msaada umeongezwa na kwamba anahitaji namba ya siri ili aufungue. Na yuko anayeshika karatasi za mtu pamoja na laini yake, akaenda kudai kwamba laini imepotea, ili apewe nyingine yenye namba ile ile. Kwa mtu huyu, mkoba uliokatwa Kisenyi ni hazina, kwa sababu umebeba vitu vyote viwili kwa pamoja: simu na karatasi zenye jina.

Lakini wizi ulioenea hauitwi wizi. Unaitwa mkopo. Mtoto anaugua katikati ya mwezi, mama anakwenda kwa mwenye duka, naye anampa sukari, unga na dawa, kisha anasema, “Niachie kadi yako mpaka siku ya mgao.” Siku ya mgao mwenye duka ndiye anayetangulia. Huko Kakuma, ambako tangu mwaka 2015 msaada ulitolewa kwa laini ya simu katika mpango ulioitwa Bamba Chakula, wenye maduka walizishika laini za wadeni wao kwa namna hiyo hiyo. Mwenye kadi hubakia na jina tu.

Hapa naomba askari asitikise kichwa kwa kuwasikitikia wakimbizi peke yao. Ni askari wangapi, wa jeshi na wa polisi, ambao kadi zao za benki zimelala sandukuni mwa mkopeshaji fedha, na namba ya siri imeandikwa nyuma kwa kalamu? Tarehe ya mshahara mkopeshaji hupanga foleni benki akiwa na kadi ishirini. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inayosimamia wakopeshaji, pamoja na kanuni zake, inamkataza mkopeshaji kuchukua kadi ya benki, namba ya siri au kitambulisho cha mtu kuwa rehani. Askari aliyeweka yake rehani atamwambia nini mama aliyeweka ya kwake?

Wala jambo hili si la nchi maskini tu. Huko Marekani wasio na kipato cha kutosha hupewa msaada wa chakula kwa kadi inayofanana na ya benki. Kadi nyingi kati ya hizo zimetumia utepe wa sumaku wa zamani. Wezi hubandika kifaa juu ya mashine ya dukani, kikanakili utepe na namba ya siri, na usiku wa manane salio lote likachotwa katika mji wa mbali. Serikali kuu iliruhusu fedha zake zitumike kuwafidia walioibiwa kuanzia Oktoba 2022, lakini ruhusa hiyo haikugusa wizi uliotokea baada ya tarehe 20 Desemba 2024. Jimbo la California lilianza mwaka 2025 kutoa kadi za aina mpya zilizo ngumu kunakiliwa. Ikiwa taifa lenye mali kiasi hicho limeshindwa kumrudishia kila mtu chakula chake, basi kwetu sisi yapasa kuhesabu kwamba kilichotolewa kwa namba sahihi ya siri hakirudi kwa urahisi. Kinachowezekana ni kumzuia mwizi kabla hajatoa, na muda wenyewe ni wa saa chache.

Kwa hiyo turudi kwenye meza ya zamu, Old Kampala. Mama amesimama mbele ya askari. Swali la kwanza lisiwe “Una kitambulisho?” maana ndicho alichoibiwa. Aulizwe kadi ilitumika mwisho lini na wapi, nani mwingine anayeijua namba ya siri, na msaada unaofuata unatarajiwa tarehe ngapi. Majibu ya maswali hayo matatu humwonyesha askari kama anatafuta mwizi asiyejulikana au jirani. Kisha, kabla ya maelezo marefu kuandikwa, apewe simu ya kuijulisha kampuni yake ili laini ifungwe. Maelezo yanaweza kungoja dakika kumi, laini haiwezi. Namba ya siri yenyewe askari asiiulize kamwe, wala asikubali kutajiwa. Mama akizoea kwamba hata polisi huitaja na kuiandika, atampa mwizi wa kesho aliyejiita polisi.

Ikiwa fedha zimekwisha kutolewa, ujumbe wa simu una namba ya muamala na saa. Kampuni ya simu inajua ni wakala gani aliyelipa saa hiyo, na wakala ana daftari lake la kazi. Daftari hilo lichukuliwe mapema, kabla halijapata ajali ya kumwagikiwa na chai. Kuandikisha wizi hakuna malipo, na jambo hili lisemwe wazi, kwa lugha anayoielewa mlalamikaji. Kiswahili kinatosha kwa Wakongo na Warundi walio wengi, na ndicho kilichotufaa sisi jeshini kila tulipokutana watu wa makabila mbalimbali.

Na kituo kiwaelekeze pia kwenye namba isiyolipiwa ya malalamiko ya wakimbizi, 0800 323232, iliyoanza mwaka 2018, ambayo hupeleka lalamiko kwa ofisi inayohusika katika makazi. Huko kwenye ugawaji ipo meza ya mashauri kwa waliopoteza kadi. Lakini asiye na neno lolote la polisi mkononi hurudishwa nyuma mara nyingi kuliko aliye nalo.

Raia wenyewe wa Kampala wamekwisha kulionja jambo hili. Mwezi wa Aprili 2020, watu walipozuiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wanajeshi na polisi walipita mlango kwa mlango wakigawa kilo 6 za unga na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu. Katika kazi ile kadi haikuhitajika. Mtu alionekana kwa macho mlangoni pake. Mwezi wa Julai 2021 msaada uligeuka kuwa shilingi 100,000 kwa simu, na hapo ndipo malalamiko yalipoanza: jina halilingani na namba, namba si ya mwenyewe, fedha zimekwenda kwa mwingine. Aliyekosa alikwenda kwa mwenyekiti wa LC, naye mwenyekiti akamtuma polisi, na polisi wakamrudisha kwa mwenyekiti.

Mama wa Nakivale hawezi kuzungushwa hivyo. Basi lake huondoka alasiri, na nauli ameazimwa. Anahitaji kuondoka kituoni na karatasi moja yenye jina lake, namba ya kumbukumbu, tarehe na saa ya wizi, na neno “kadi ya chakula” likiwa limetajwa humo pamoja na simu. Karatasi hiyo iandikwe kwa herufi zinazosomeka, kwa maana karani atakayeipokea huko hatakuwa na njia ya kumwuliza konstebo wa Old Kampala alikusudia kuandika nini.