Bangi yenye leseni: faida inasafiri, gharama inabaki

Mwaka 2017 Lesotho ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kutoa leseni za kulima bangi ya dawa. Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi ikapitisha sheria yake Februari 2020, na Rwanda ikatangaza mwongozo Oktoba mwaka huohuo kabla ya kutoa kanuni kamili mwaka 2021. Uganda nayo, sera ikiwa bado inajadiliwa, ilishashuhudia bangi ikilimwa Hima wilayani Kasese na kusafirishwa Israel. Sheria za nchi hizi zinatofautiana, lakini hoja iliyouzwa kwa wananchi ilikuwa ileile: zao hili litaleta fedha nyingi zaidi za kigeni kuliko tumbaku, chai au kahawa, na mkulima atanufaika. Sasa imepita miaka ya kutosha kuipima ahadi hiyo kwa hesabu. Hesabu inaonyesha kwamba biashara ya bangi ya kuuza nje, kwa namna ilivyopangwa katika nchi nyingi za Afrika, inawapa faida wenye mtaji na kuwaachia mkulima na familia ya mtumiaji gharama. Nchi yoyote inayofikiria kuibadili sheria yake ya bangi inapaswa kuanza na afya na haki za watu wake. Fedha za kigeni zije baadaye.

Ahadi yenyewe ilikuwa kubwa. Mwaka 2020 Clare Akamanzi, aliyekuwa akiongoza Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, alieleza kwamba hekta moja ya maua ya mapambo huingiza dola 300,000 hivi, ilhali hekta moja ya bangi ya dawa ingeweza kuingiza dola milioni 10. Nchini Kenya, mgombea urais wa chama cha Roots, George Wajackoyah, aliingia katika uchaguzi wa mwaka 2022 akiahidi kulipa deni la taifa kwa kuuza bangi nje, akapata kura 61,969. Makadirio ya aina hii yana kasoro moja ya msingi: yanachukua bei ya leo, yanaizidisha kwa ukubwa wa shamba, kisha yanadhani bei itabaki palepale hata kila nchi ikianza kulima. Bangi ni mmea unaoota karibu kila mahali. Thamani yake kubwa ya zamani ilitokana na katazo la sheria, na katazo linapoondoka, thamani hiyo huondoka nalo.

Kanada ilionyesha hilo mapema. Ilihalalisha matumizi ya watu wazima Oktoba 2018, na kampuni zake zikajenga mashamba ya ndani makubwa kuliko soko lililokuwepo. Canopy Growth, iliyokuwa kinara wa sekta hiyo, ilinunua kampuni ya Lesotho mwaka 2018 kwa dola za Kanada zipatazo milioni 28.8, na Aprili 2020 ikatangaza kuondoka Lesotho na Afrika Kusini. Februari 2023 kampuni hiyohiyo ilitangaza kupunguza wafanyakazi 800 na kufunga kiwanda chake cha Smiths Falls. Bidhaa iliyokosa mnunuzi nyumbani ikatafuta soko nje, hivyo leo mzalishaji wa Maseru au Kigali anayetaka kuuza Ujerumani, soko kubwa kuliko yote Ulaya, anashindana na Kanada na Ureno ambazo tayari zina mtaji, maabara na mikataba. Afrika iliingia sokoni bei zikiwa tayari zinashuka.

Kizuizi kingine ni mlango wenyewe wa kuingilia. Zimbabwe ilipoanza ilidai dola 50,000 kwa leseni moja. Malawi iliweka dola 10,000 kwa anayetaka kulima bangi ya dawa, katika nchi ambayo pato la mtu kwa mwaka halifiki dola 700. Mkulima wa kawaida angetakiwa kuweka kando mapato yake yote ya zaidi ya miaka kumi kabla ya kupanda mbegu ya kwanza. Leseni nayo ni mwanzo tu. Hospitali au kiwanda cha dawa cha Ulaya hakinunui gunia la majani makavu. Kinataka maua ambayo kila fungu lake lina kiwango kilekile cha THC, kemikali inayolevya, yasiyo na ukungu, madini mazito wala mabaki ya viuatilifu. Kulifikia hilo kunahitaji vitalu nyumba vyenye udhibiti wa mwanga na unyevu, vyumba safi vya kukaushia, maabara, uzio, kamera, walinzi usiku na mchana, pamoja na kumbukumbu za kila mche tangu kupandwa hadi kufungashwa. Kampuni ya MG Health ya Lesotho ilipata cheti cha ubora wa dawa cha Umoja wa Ulaya kwa maua yake mwaka 2021, miaka minne baada ya nchi kufungua mlango. Hayo ni mafanikio ya kweli, lakini ni mafanikio ya kiwanda. Mwanakijiji wa milimani aliyelima bangi maisha yake yote anaweza kuajiriwa humo kama kibarua, ila hawezi kukimiliki.

Mkulima huyo yupo pia kwetu Tanzania, na hali yake ni ngumu zaidi. Kwenye miteremko ya Mlima Meru wilayani Arumeru, hasa Kisimiri Juu, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilifanya operesheni kubwa mwaka 2023, ikafyeka na kuchoma mashamba ambayo baadhi yake yalichanganywa na mahindi. Bangi imeshika mizizi katika maeneo ya aina hii kwa sababu za kiuchumi zinazoeleweka: barabara ni mbaya, bei ya mahindi hushuka kila msimu wa mavuno, na mnunuzi wa bangi hufuata mzigo shambani akilipa taslimu. Hata hivyo faida kubwa haibaki mlimani. Kila hatua kutoka gunia la shambani hadi kete na misokoto ya mjini huongeza bei, na nyongeza hiyo huenda kwa mwenye gari, dalali na muuzaji wa jumla. Mkulima na kijana anayebeba mzigo ndio walio rahisi kukamatwa, na sheria yetu inataja kifungo cha miaka 30 kwa kosa la kusafirisha. Biashara haramu na biashara yenye leseni zinafanana hapo: katika zote mbili anayelima hupata fungu dogo kuliko wote.

Hatari nyingine ni kutegemea soko linaloongozwa na sheria za wenzako. Wakulima wa miraa wa Meru nchini Kenya wanalijua hili. Uholanzi ilipiga marufuku zao lao mwaka 2013, Uingereza ikafanya vivyo hivyo Juni 2014, na soko la Ulaya likafungwa bila mkulima hata mmoja kuulizwa. Somalia ikasitisha uagizaji mwaka 2020 na kuufungua tena mwaka 2022, baada ya mazungumzo ya wakuu wa nchi. Bangi ipo katika hali hiyohiyo. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa kwenye kundi la dawa hatari zaidi katika mkataba wa mwaka 1961 kwa kura 27 dhidi ya 25, ikabaki chini ya udhibiti wa kimataifa. Thailand iliiondoa kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, maelfu ya maduka yakafunguliwa, na Juni 2025 serikali ikarudisha masharti ya cheti cha daktari. Benki inayomkopesha mkulima kwa zao la namna hii inapaswa kujua kwamba kura moja katika bunge la mbali inaweza kuufanya mkopo wote usilipike.

Wapo watakaosema kwamba Marekani inakusanya kodi nyingi kutokana na bangi, kwa nini sisi tushindwe? Ni kweli kwamba jimbo la Colorado, lililoanza mauzo ya watu wazima Januari 2014, limekusanya zaidi ya dola bilioni 2 za kodi na ada. Lakini fedha hizo zinatokana na wakazi na wageni wa jimbo hilo wanaonunua na kuvuta hapohapo. Kodi ya Colorado ni kodi ya ulevi wa nyumbani, kama ile ya bia na sigara. Serikali za Afrika zinazotaja mfano huo zimechagua njia tofauti kabisa: kuuza nje na kuendelea kumfunga anayevuta ndani. Huwezi kukataza soko la ndani kisha ukapiga hesabu ya kodi yake. Hata Colorado kwenyewe mauzo yalifikia kilele cha dola bilioni 2.2 mwaka 2021, kisha yakashuka hadi karibu dola bilioni 1.5 mwaka 2023. Anayetaka kodi ya aina hiyo aseme wazi kwamba anataka raia wake wengi zaidi wavute, na abebe jukumu la matokeo yake.

Matokeo hayo hayamo katika mizania ya kampuni yoyote. Utafiti wa mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi, NACADA, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi, yaani mtu mmoja kati ya 53, na karibu nusu yao walikuwa na dalili za utegemezi. Tafiti za kimataifa zinaonyesha kwamba mtumiaji mmoja kati ya kumi hivi huishia kwenye utegemezi, na kwa anayeanza akiwa kijana mdogo uwezekano hupanda hadi mmoja kati ya sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliohusisha miji ya Ulaya na Brazil, ulikuta kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC nyingi wana uwezekano wa karibu mara tano zaidi wa kupata saikosisi, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini anawindwa. Kijana akifikia hapo, anayelipa ni mama anayeacha genge lake ili amwuguze, ndugu wanaochanga nauli na dawa, na darasa linalompoteza mwanafunzi. Gharama hiyo ni ya kiuchumi kama ilivyo gharama ya mbolea, japo hakuna wizara inayoiandika.

Bangi ina manufaa ya kitabibu pia, na ni haki yasemwe. Marekani iliidhinisha mwaka 2018 dawa ya Epidiolex, inayotokana na mmea huu, kwa wagonjwa wenye aina mbili kali za kifafa. Upo ushahidi wa kuaminika kwamba dawa za aina hii hupunguza maumivu sugu kwa watu wazima na kichefuchefu kwa wanaotibiwa saratani. Lakini Rwanda ilisisitiza tangu mwanzo kwamba zao lote ni la kuuza nje, na katika nchi nyingi zenye leseni mgonjwa wa ndani hana njia ya kuipata dawa hiyo. Sera inayompa nafuu mgonjwa wa Berlin na kumwacha wa Butare na maumivu yake haiwezi kujiita sera ya afya.

Hoja ya upande wa pili ni kwamba, kama hasara ni hizi, basi katazo liendelee kama lilivyo. Katazo lingestahili kutetewa kama lingefanya kazi. Umoja wa Mataifa ulikadiria watumiaji milioni 228 duniani mwaka 2022, idadi kubwa kuliko ya dawa nyingine yoyote ya kulevya, huku bangi ikiwa haramu katika nchi nyingi. Kumfunga mtumiaji hakumtibu. Kunampa rekodi ya jinai inayomfungia ajira. Kenya ilipunguza adhabu mwaka 2022, ikaweka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka mitano kwa aliyekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima kutumia bangi faraghani si jinai, na sheria ya utekelezaji ikasainiwa Mei 2024 huku uuzaji ukibaki marufuku. Kumwondolea mtumiaji pingu na kumfungulia mfanyabiashara duka ni maamuzi mawili tofauti, na nchi inaweza kuchukua la kwanza bila la pili.

Moroko inaonyesha kwamba hata leseni zinaweza kupangwa kwa faida ya mkulima. Sheria yake ya mwaka 2021 ilitenga kilimo kwa wakazi wa mikoa mitatu ya milima ya Rif, yaani Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, na kuwataka wajiunge katika ushirika. Mavuno ya kwanza halali mwaka 2023 yalikuwa tani 294. Agosti 2024 mfalme aliwasamehe watu 4,831 waliohusishwa na kilimo haramu cha bangi, ili waweze kuingia katika mfumo mpya. Soko haramu bado ni kubwa kuliko halali huko, kwa hiyo kazi haijaisha. Lakini Moroko ilianza na swali la nani anailima bangi sasa na atapata nini, swali ambalo Zimbabwe na Malawi hazikuanza nalo.

Wabunge wa Dodoma, Nairobi na Kampala watafikiwa na wawekezaji wenye michoro mizuri ya mapato. Kabla ya kupiga kura, wadai majibu ya maandishi kwa maswali matatu: mkulima wa Kisimiri, Tarime au Kasese atamiliki sehemu gani ya mnyororo huu, senti ngapi katika kila dola zitakwenda kwenye tiba ya utegemezi na afya ya akili, na mgonjwa wa ndani ataipata dawa kwa bei gani. Majibu yasipokuwepo, mswada urudishwe. Leseni isiyompa mkulima umiliki wala mgonjwa tiba haistahili kutolewa.