Mtoto Akiachishwa Ziwa, Maziwa Yanakwenda Wapi?

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja zahanati. Matiti yake yalikuwa yamejaa, magumu kama jiwe. Siku mbili kabla alikuwa amempeleka mtoto wake kwa bibi, kijiji cha jirani, ili aache ziwa. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mama akaniuliza, "Daktari, haya maziwa sasa yatakwenda wapi? Yataozea humu?"

Swali lake ni zuri. Nalijibu hapa ili wengine nao wasome.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, kama nyumba ya matofali. Chembe hizo hazionekani kwa macho. Ndani ya titi zimo chembe zinazotengeneza maziwa. Mama anaponyonyesha, chembe hizi hufanya kazi usiku na mchana. Huchukua sukari nyingi kutoka katika damu. Nyingine huitumia kupata nguvu, nyingine huigeuza kuwa sukari ya maziwa. Huchukua na mafuta pia. Ndiyo maana mama anayenyonyesha husikia njaa upesi. Anahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku. Akina baba, msishangae akiongeza ugali.

Mtoto akiacha kunyonya, maziwa hujaa na kuzibana chembe hizo. Hapo hupunguza kuchukua sukari, na kazi ya maziwa hupungua. Baadaye chembe nyingi hufa. Chembe za jirani huzimeza zilizokufa, pamoja na mabaki ya maziwa. Mwili huyatumia tena. Kisha mafuta hurudi kujaza nafasi. Basi maziwa hayaozi.

Labda umewahi kuona mtoto anayekataa titi moja. Titi hilo hukauka, la pili linaendelea. Amri ya kukauka hutoka ndani ya titi lenyewe.

Wataalamu wamechunguza panya. Watoto wa panya wakirudishwa kabla ya siku mbili kupita, maziwa huanza tena. Baada ya hapo chembe nyingi zimekwisha kufa. Binadamu si panya. Mama anaweza kurudisha maziwa hata baada ya siku nyingi, mtoto akinyonya mara kwa mara.

Hatari ni kuachisha ghafula. Titi likijaa mno huweza kuvimba na kufanya jipu. Punguza mnyonyo mmoja, ngoja siku kadhaa, kisha punguza mwingine. Titi likiuma, kamua kidogo tu mpaka upate nafuu, na weka kitambaa cha maji baridi. Usilifunge kwa kanga kwa nguvu. Ukiona wekundu, au ukipata homa, njoo zahanati siku hiyo hiyo. Jipu la titi halitumbuliwi nyumbani.

Tena, mtoto yule alikuwa bado mdogo. Inafaa anyonye mpaka miaka miwili au zaidi, huku akila uji, maharage, mboga na matunda.

Mama yule alimfuata mtoto wake jioni ile ile. Alianza kumpa titi lililokuwa gumu zaidi.