Kirusi Kimeonekana Chooni: Je, Ndicho Kinachomharisha Mtoto?

Kuanzia mwaka 2008, watafiti walipita katika vijiji vya Nyanza, magharibi mwa Kenya, wakipiga hodi na kuomba kitu ambacho si kawaida kukiomba: choo cha mtoto mzima. Si cha mtoto aliyelala hoi mgongoni kwa mama yake. Walitaka cha yule anayekimbia uani na kula vizuri, ambaye hakuwa ameharisha kwa muda wa siku saba zilizopita.

Ombi hilo linaweza kumshangaza mzazi yeyote. Hata hivyo, ndani ya vikopo hivyo vya watoto wasioumwa ndimo lilimokuwa jibu la swali ambalo mashine za kisasa haziwezi kulijibu zenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa unaojulikana kwa kifupi kama GEMS, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia. Kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 aliyefikishwa kituo cha afya akiharisha vibaya, alitafutwa angalau mwenzake mmoja wa eneo lile lile, wa jinsia ile ile na umri unaokaribiana naye, aliye mzima. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2013, wagonjwa walikuwa 9,439 na wazima 13,129. Wazima walikuwa wengi kuliko wagonjwa, na hilo halikutokea kwa bahati tu. Kirusi kinachoonekana kwenye choo cha mgonjwa kinaweza pia kuonekana kwenye choo cha jirani yake asiye na tatizo lolote, na asiyewapima wote wawili hawezi kujua.

Kutoka darubini hadi kunakili

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wengi walipomwona mtoto anaharisha na kutapika, na maabara isioteshe bakteria yeyote, walibaki bila jina la ugonjwa. Mwaka 1972 Albert Kapikian wa Marekani, kwa kutumia darubini ya elektroni, alikiona kirusi kutoka mlipuko wa ugonjwa wa tumbo uliotokea mwaka 1968 katika shule ya msingi mjini Norwalk, Ohio. Leo jamii ya kirusi hicho inaitwa virusi vya noro. Mwaka uliofuata, Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne, Australia, walikiona kirusi cha rota katika vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha. Kilifanana na gurudumu, na jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Baadaye yakafuata majina mengine: virusi vya astro, virusi vya sapo vilivyopewa jina la mji wa Sapporo nchini Japani, na virusi vya adeno aina ya 40 na 41.

Darubini ilikuwa na kasoro mbili. Ilihitaji fundi mwenye jicho lililozoea, na ilihitaji virusi viwe vingi mno ndani ya sampuli. Vipimo vya kutafuta protini za kirusi kwa kutumia kingamwili, hasa ELISA, vilirahisisha kazi, na kwa kirusi cha rota vimefanya vizuri kwa miaka mingi. Virusi vingine vilivikosa mara nyingi.

Hapo ndipo vipimo vya molekuli vilipoingia. Mbinu ya PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia miaka kumi baadaye, haimtafuti mhalifu kwa sura yake. Inatafuta maandishi yake ya urithi. Virusi vya rota, noro, astro na sapo vimebeba RNA, kwa hiyo kwanza kimeng'enya huigeuza kuwa DNA. Kisha kipande kimoja hunakiliwa kuwa viwili, viwili kuwa vinne, vinne kuwa vinane. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuwa nakala zaidi ya bilioni moja, na rangi inayong'aa huiambia mashine kwamba kimepatikana.

Idadi ya mizunguko iliyohitajika kabla ya mwanga kuonekana ni habari muhimu mno. Sampuli iliyowaka katika mzunguko wa 18 ilikuwa imejaa virusi. Iliyowaka katika mzunguko wa 36 ilikuwa na vichache tu. Kila tofauti ya mizunguko mitatu na kidogo ni sawa na kiasi cha virusi kuongezeka au kupungua mara kumi.

Kipimo nacho hupimwa

Kabla ya kuaminiwa, kipimo kipya chenyewe hupitia mtihani. Wataalamu huanza kwa kupunguza virusi hatua kwa hatua, ili wajue ni kiasi gani kidogo kabisa ambacho bado kinaonekana. Hukijaribu dhidi ya vijidudu vingine vya tumboni, wahakikishe hakichanganyi majina. Huangalia pia kama choo chenyewe kinaivuruga kazi, kwa sababu chumvi za nyongo na aina fulani za sukari zilizomo huweza kuzuia kimeng'enya kisifanye kazi, na jibu likatoka "hakuna" ilhali kirusi kipo. Ndiyo maana kipimo kizuri huwekewa kipande cha DNA au RNA kinachojulikana ndani ya kila sampuli. Kipande hicho kisiponakiliwa, jibu la "hakuna" halina thamani.

Halafu huja maswali mawili mazito. Kati ya watu 100 walio na kirusi kweli, kipimo kinawabaini wangapi? Na kati ya 100 wasio nacho, kinawaacha huru wangapi? Askari mzuri humkamata mwizi, lakini pia hamsingizii jirani.

Mfano unaojulikana ni tathmini ya kipimo cha FilmArray cha kampuni ya BioFire, kinachotafuta vimelea 22 kwa wakati mmoja, vikiwamo virusi vya makundi matano, na kutoa majibu kwa muda wa saa moja hivi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, sampuli 1,556 zilipimwa katika vituo vinne nchini Marekani. Kwa vimelea 12 kati ya 22, kipimo hakikumkosa mwenye kimelea hata mmoja. Kwa vingine saba, uwezo wa kubaini ulikuwa asilimia 94.5 au zaidi. Uwezo wa kutosingizia ulikuwa asilimia 97.1 au zaidi kwa vyote.

Lakini kuna kipengele kingine katika matokeo hayo hayo. Kati ya sampuli 832 zilizokutwa na kimelea, karibu theluthi moja zilikuwa na zaidi ya kimoja. Daktari anaandikiwa kwamba mgonjwa ana kirusi cha noro, cha sapo na bakteria pia. Atibu kipi?

Lipo tatizo lingine: kipimo kipya hulinganishwa na nini? Kirusi cha noro cha binadamu kilishindikana kuoteshwa vizuri maabara hadi mwaka 2016, watafiti wa Houston walipofaulu kukikuza ndani ya seli za utumbo wa binadamu. Kwa miongo yote iliyotangulia hapakuwa na kigezo cha kudumu. PCR ikiona kirusi ambacho ELISA haikukiona, nani mkweli? Kwa kawaida huitwa kipimo cha tatu kuamua, au huchukuliwa jibu ambalo vipimo viwili vimekubaliana.

Hesabu inayosahaulika

Asilimia 97 inasikika kama usahihi wa kutosha. Tuijaribu kwa mfano wa kukadiria. Kipimo kina uwezo wa kubaini asilimia 95 na wa kutosingizia asilimia 97. Watoto 1,000 wanapimwa, na 200 kati yao wana kirusi cha rota kweli. Kipimo kitawaona 190, na kitawasingizia 24 kati ya wale 800 waliobaki. Ukipewa jibu la "yupo nacho", ni la kuaminika kwa karibu mara tisa katika kumi.

Sasa wenye kirusi wawe 20 tu. Kipimo kile kile kitawaona 19, na kitawasingizia 29. Zaidi ya nusu ya majibu ya "yupo nacho" ni ya uongo, ingawa mashine haijabadilika hata kidogo.

Hesabu hii inazihusu moja kwa moja nchi zetu. Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo ya rota mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Kadiri ugonjwa unavyopungua, ndivyo majibu ya kipimo yanavyohitaji kusomwa kwa makini zaidi. Tena chanjo hiyo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto mchanga aliyechanjwa siku chache zilizopita anaweza kukitoa kwenye choo, nayo PCR ikakiona. Mashine haidanganyi, lakini imeona chanjo, si ugonjwa.

Kwa kirusi cha noro mtego ni mwingine: mtu aliyekwisha kupona huendelea kukitoa kwa wiki kadhaa. Tena kirusi hicho hubadilika. Majira ya baridi ya 2014 na 2015, aina ya GII.17 ilienea China na Japani, na baadhi ya vipimo vya kingamwili vilivyotengenezwa kwa aina za zamani havikuiona vizuri. Kipimo kilichofaulu mtihani wake mwaka fulani kinahitaji kurudishwa darasani.

Wingi ndio ushahidi

Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, sampuli za GEMS zilikuwa zimetolewa kwenye majokofu na kupimwa upya kwa PCR inayohesabu wingi. Jozi 5,304 za wagonjwa na wazima zilitafutiwa vimelea 32. Badala ya kuuliza tu kama kirusi kipo, watafiti waliuliza: kipo kwa kiasi gani kwa mgonjwa, ukilinganisha na mwenzake mzima?

Picha ilibadilika sana. Awali, karibu nusu tu ya kuharisha ndiyo iliyojulikana chanzo chake. Sasa ikafika asilimia 89.3. Kirusi cha adeno 40/41, kilichokuwa kikihesabiwa kama mshiriki mdogo, kilionekana kusababisha kuharisha mara tano hivi zaidi ya ilivyodhaniwa, na kikapanda hadi miongoni mwa visababishi sita vikuu pamoja na kirusi cha rota.

Katika eneo la Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, kazi ya aina hiyo ilifanyika chini ya utafiti wa MAL-ED, uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka miwili katika nchi nane. Humo pia hawakusubiri mtoto augue: kila mwezi choo chake kilichukuliwa hata akiwa mzima. Matokeo ya mwaka 2018 kutoka nchi zote yalitumia sampuli za kuharisha 6,625 na za siku za uzima 30,968. Bakteria wa Shigella waliongoza, na kirusi cha sapo kikawa cha pili, mbele ya kirusi cha rota. Kwa ujumla virusi vilisababisha kuharisha kwingi kuliko bakteria.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayeharisha leo usiku, habari hizi hazibadilishi hatua ya kwanza. Ni maji ya ORS, vidonge vya zinki, kuendelea kumnyonyesha na kumlisha, na kumwahisha kituoni akiwa na damu chooni, macho yaliyobonyea au ulegevu. Antibayotiki haiui kirusi, na jibu sahihi la maabara linaweza kumwepusha mtoto na dawa asiyoihitaji.

Manufaa makubwa yako kwa wanaopanga: chanjo ipi itengenezwe baada ya rota, mlipuko wa shule ya bweni umetoka wapi, fedha za vitendanishi zielekezwe kwenye kipimo kipi. Hospitali inayotaka kununua mashine ya aina hii ina haki ya kumuuliza muuzaji maswali matatu. Je, kipimo kimejaribiwa kwa watoto wa mazingira kama yetu? Je, wamo watoto wazima katika jaribio hilo? Je, ripoti yake inaonyesha wingi wa kirusi, au inaandika tu "kipo" na "hakipo"? Bila vile vikopo vilivyokusanywa kwa watoto wazima wa Nyanza na wenzao wa nchi nyingine sita, PCR ingeorodhesha virusi vyote hivyo, na bado isingejulikana ni vipi kati yao vilivyowaharisha watoto.