Fahamu: Ukivuka Sirari kwenda Migori na Homa Bay

Mtanzania anayeingia Kenya kwa njia hii hugongewa mihuri ya kutoka na kuingia chini ya paa moja, Isebania, upande wa Kenya. Hapo ndipo pa kubadilisha fedha: shilingi ni jina moja, thamani mbili.

Matatu za Migori hazikosekani. Ila Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2018, iko mbali na mji. Patana na mwenye bodaboda bei ya kwenda na kurudi.

Homa Bay, samaki huuzwa kwa ukubwa. Mchague mwenyewe, uulize bei kabla hajaingia mafutani. Kabla ya kulipia chumba, kagua chandarua: malaria ya kanda ya ziwa haina mgeni.