Kushusha gari: resori, amortiseri na zile santimita nne

Ba ndugu, leo tuongee gari. Mutu akipata kazi hapa Lubumbashi, wengi banaanza na Toyota IST ao Vitz, zile za usukani wa kuume zenye zinatoka Japani na kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kisha wazo la pili linakuja: kuishusha, ikae chini, gurudumu lijae mu upinde wa bodi. Sina neno na mapendo hayo. Gari iliyoshushwa vizuri inapendeza macho, na mu kona haiinami sana. Ila resori za kushusha zinagusa breki, zinagusa mapinee, zinagusa na mgongo wa mama yako akikaa nyuma, na mara mingi mutu anazinunua kwa kuangalia paka rangi na bei. Mimi ni mutu wa agronomia, si mekanisye. Lakini fizika ya mwaka wa kwanza tuliisoma wote, na kwa jambo hili njo inatosha.

Kwanza tutofautishe vitu viwili vyenye ku garaji vinaitwa jina moja. Resori, ule waya mnene wa chuma uliojizungusha, njo inabeba uzito wa gari. Amortiseri karibu haibebi kitu. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye vitobo vidogo; fimbo ikiingia ao ikitoka, mafuta yanalazimishwa kupita mule, na mtikisiko unageuka joto. Ukiiondoa, gari itabaki imesimama juu ya resori zake, lakini ukipita dodane moja itacheza mara nne, tano mbele ya kutulia. Mu IST na Vitz, mbele resori imevishwa juu ya amortiseri, mguu mmoja. Mpango huo unabeba jina la Earle MacPherson, enjenia wa Marekani, na kampuni ya Ford iliutia mu gari zake za Uingereza mwanzo wa miaka ya 1950. Nyuma ni tofauti: resori fasi yake, amortiseri fasi yake. Kwa hiyo ukisikia fundi anasema «nimebadilisha amortiseri», muulize alibadilisha nini kamili.

Sasa tuingie mu hesabu, juu hapo njo franga zinapotea.

Gari ikiwa imesimama, gurudumu linakuwa na nafasi ya kupanda mbele ya kugonga ule mpira wa mwisho ulio juu ya fimbo. Tuchukue mfano wa milimita 80. Ukishusha gari kwa santimita nne, unabaki na milimita 40. Nguvu yenye resori inameza inakwenda na mraba wa nafasi: nusu ya ukali wa resori, mara nafasi, mara nafasi tena. Nafasi ikikatika nusu, resori inapaswa kuwa kali mara nne ili imeze shimo lile lile. Hakuna mutu anauza resori ya namna hiyo kwa gari ya kutembea mu mji. Ingekuwa kama kukaa juu ya mkokoteni. Resori za kushusha zinakuwa kali zaidi kidogo tu kuliko za kiwanda. Tuseme 30%. Ukirudisha hesabu nyuma, ukali huo unalipa milimita 10 za kushuka, basi. Zile 30 zingine unazilipa wewe mwenyewe kila mara unagonga mpira. Mu inchi yenye barabara laini deni hilo halionekani sana, juu hakuna mashimo ya kulidai. Kwetu, toka tu mu lami ya katikati ya mji uingie mu avenii za kwartie mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshakula barabara.

Na hapo gari ilikuwa tupu. Tuweke watu watatu nyuma, kilo 70 kila mmoja, na mufuko mmoja wa mahindi wa kilo 50 mu kofa. Ni kilo 260. Tuseme 240 zinaangukia nyuma, kilo 120 kila gurudumu, yaani karibu niutoni 1 180. Resori ya kiwanda yenye inaomba niutoni 20 kwa kila milimita itashuka milimita 59, na utabaki na 21. Si mingi, lakini ziko. Resori ya kushusha yenye inaomba niutoni 26 itashuka milimita 45. Wewe ulikuwa umebakiwa na 40. Maana yake gari imeshakaa juu ya mpira mbele hata ya kutoka mu parseli. Kutoka pale kila shimo linakwenda moja kwa moja ku bodi, na gurudumu linaruka. Gurudumu lenye linaruka halisimamishi gari, hata ukanyage breki na miguu miwili.

Njo maana mimi naona hivi: kwa gari yenye inabeba watu na mizigo, milimita 20 ao 25 ndiyo mwisho. Mwenye anakwenda kila juma ku shamba njia ya Kipushi na mifuko nyuma aache resori za kiwanda mahali zilipo. Milimita 40 ni za mutu mwenye anatembea peke yake, ku lami, na ana gari ingine ya kazi. Kati yetu sisi wenye diploma ya juzi, hao ni wangapi?

Upande wa amortiseri, kosa la kawaida ni kutia resori mpya juu ya amortiseri za zamani ili kupunguza bei. Resori ikiwa kali kwa 30%, amortiseri inapaswa kuzuia karibu 14% zaidi ili gari itulie sawa na mbele. Hesabu inapita mu mzizi wa mraba. Amortiseri yenye imekwisha tembea kilomita 100 000 Japani haina hiyo akiba, hata yake ya kuzaliwa imepungua. Tena fimbo inaanza kufanya kazi chini zaidi, fasi yenye haikuzoea, na siku kidogo mafuta yanaanza kutoka. Kwa hiyo nunua vyote viwili vyenye vilitengenezwa kwenda pamoja, na amortiseri zenye fimbo fupi kama unashuka zaidi ya milimita 30. Kuna pia zile zenye mwili wa nyuzi, unazungusha na kuchagua urefu unaotaka. Ni nzuri, lakini vumbi jekundu la kwetu na matope vinakamata zile nyuzi, na kisha ya mwaka moja hazizunguki tena.

Kuhusu kukata resori kwa moto, najua iko bei rahisi. Resori ya mizunguko sita ukikata mmoja inakuwa kali kwa 20%, hiyo ni kweli. Lakini moto unaharibu ugumu wa chuma karibu na pale ulipokata, ncha haikai tena vizuri mu kikombe chake, na gurudumu likining'inia mu shimo resori inaweza kulegea na kutoka fasi yake. Kupasha resori moto ili ilale ni mbaya zaidi. Hapo hata fundi mwenyewe hawezi kukuambia itasimama wapi.

Ukienda kununua, beba namba ya shasi, usiseme tu «IST». Kuna za gurudumu mbili na za gurudumu nne kuvuta, na nyuma yazo hazifanani. Kama ni okazyo, pima unene wa waya kwa kalipa, juu ukali unakwenda na unene mara nne juu ya nafsi yake: toka milimita 12 kwenda 13, resori imeongezeka ukali karibu 38%. Jicho halioni milimita moja. Angalia kutu ku mizunguko ya chini. Nunua mbili mbili, kushoto na kuume pamoja, na utie mpira wa mwisho mpya na ile rulma ya juu ya mguu wa mbele. Vile vidogo njo vinaleta kelele yenye watu banafikiri ni amortiseri.

Siku ya kufunga, usikubali fundi mwenye anafinya resori kwa waya ao kamba. Resori iliyofinywa inashika nguvu ya kilo mia kadhaa, na ikiponyoka inavunja taya. Kuna chombo chake cha vis mbili. Kama garaji haina, tafuta ingine.

Mara mingi, lakini, mutu mwenye ananiambia gari yake «inalegea mu kona, nataka kuishusha» ana shida ingine. Nenda ku pembe ya gari, sukuma chini kwa nguvu, achilia. Ikipanda na kutulia, sawa. Ikiendelea kucheza, ao ukiona mafuta ku mwili wa amortiseri, ao pinee imekulika kwa mabaka mabaka, tia amortiseri nne mpya na resori zako za kiwanda, tembea nayo mwezi mmoja. Wengine banaacha wazo la kushusha palepale.

Mwenye ameshusha, arudi ku garaji kisha ya juma mbili, resori zikiwa zimekaa. Afanye paralelisme, juu magurudumu ya mbele yamebadilisha pembe na mapinee yatakulika upande wa ndani. Aangalie kardani na karteri. Na arekebishe taa: pua na mkia havikushuka sawa, na usiku njia ya Likasi malori ya kubeba madini hayangoji wewe utafute mwanga wako uko wapi.