Ghazali aliyeondoka na Ghazali aliyerudi darasani

Julai 1095, mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad aliketi kusomesha, neno lisimtoke. Abu Hamid al-Ghazali, aliyekuwa akifundisha wanafunzi 300, alifungwa ulimi. Chakula nacho kikawa hakipiti kooni. Matabibu wakasema chanzo kiko moyoni, wakakata tamaa ya kumtibu.

Alikuwa amebobea katika fiqhi, amewajibu wanafalsafa katika *Tahafut al-Falasifa*, kisha akasoma vitabu vya masufi. Humo akatambua kwamba walichonacho masufi hakipatikani kwa kusoma. Tabibu anayeumwa, alieleza, anaijua afya na dawa zake zote, ila afya yenyewe hana. Kumjua Mungu kwa hoja ni jambo moja; kuionja elimu hiyo ni jingine. Novemba akaacha cheo, akaenda Damascus, akawa akijifungia kutwa katika mnara wa msikiti wa Banu Umayya.

Wengi huishia hapo, wakamfanya shahidi wa kuitupa akili. Wanamdhulumu, kwani mwaka 1106 Ghazali alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Mwaka 1109 akakamilisha *al-Mustasfa*, kitabu cha misingi ya fiqhi, nacho kinaanza kwa utangulizi wa mantiki. Katika *al-Munqidh*, anakosimulia maisha yake, anawakemea wanaokanusha hesabu za kupatwa kwa jua wakidhani wanaitetea dini. Mwenye kujua hesabu, asema, hataitilia shaka hesabu yake. Atadhani dini imejengwa juu ya ujinga.

Mpaka aliouweka kati ya akili na kile kilicho juu yake ni huu. Macho huiona nyota kuwa sawa na dinari, jiometri ikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Kama akili inavyoyasahihisha macho, huenda juu ya akili kuna nuru nyingine. Hata hivyo, nuru hiyo haivunji kilicho chini yake: walii anaweza kufunuliwa lile ambalo akili imeshindwa kulifikia, si lile ambalo akili imehukumu kuwa haliwezekani.

Kanuni hiyo inatubana sisi sote. Anayesema ameoteshwa hana haki ya kukasirika akiulizwa maswali, na msomi mwenye hoja tele hana haki ya kujiona amefika. Tumesimulia mno jinsi Ghazali alivyoondoka Baghdad. Watoto wetu wasimuliwe pia kwamba alirudi kusomesha, na kwamba alichokionja hakikumfanya aidharau mantiki.